Grazia Deledda: kurasa nne kila alasiri

Msichana mmoja wa Nuoro, mji mdogo wa milimani katika kisiwa cha Sardinia, alikuwa na hadithi aliyoiandika kwa mkono na alitaka kuipeleka kwa mhariri wa mbali, ng'ambo ya bahari. Hakuwa na pesa ya posta. Basi akashuka kwenye stoo ya kwao, akachota mafuta ya zeituni ya familia, akayauza kwa siri, akapata pesa ya stempu.

Kisa hicho kimo katika *Cosima*, kitabu cha mwisho cha Grazia Deledda, ambacho ni maisha yake mwenyewe yaliyovikwa nguo za riwaya. Nimeanza nacho makusudi. Maelezo mengi kumhusu mwandishi huyu yanatupa picha mbili zisizopatana. Katika ya kwanza yuko binti wa shamba aliyeishia darasa la nne, aliyeandika kama ndege anavyoimba, bila kufundishwa na bila kujua anafanya nini. Katika ya pili yuko mwanamke wa Italia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwenye riwaya zaidi ya 30 na hadithi fupi zaidi ya 200. Msomaji anaachwa ajiulize mwenyewe huyu wa kwanza alifikaje kuwa huyu wa pili, na jibu analopewa kwa kawaida ni neno moja: kipaji.

Mimi naona jibu limo kwenye mafuta. Anayechota mafuta ya nyumbani ili alipie stempu ameshapiga hesabu zake. Anajua kuna soko, anajua soko liko ng'ambo, na anajua kufika huko kunagharimu. Deledda tangu ujana wake alichukua uandishi kama kazi yenye mtaji, gharama na faida. Ukimsoma hivyo, mafundo mengi yanayomzunguka yanafunguka: lugha yake, ugomvi wake na watu wa kwao, mume wake aliyechekwa, na hata wingi wa vitabu vyake, ambao wahakiki waliutumia kumdharau.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1871. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika 1875, usishangae. Katika umri wake palipunguzwa miaka kadhaa, na marejeo mengi yakanakili kosa hilo kwa muda mrefu. Alibatizwa Grazia Maria Cosima Damiana, na hilo jina la tatu tutalirudia. Familia haikuwa maskini. Baba yake, Giovanni Antonio, alikuwa na mashamba na biashara, aliwahi kuwa meya wa Nuoro, tena alikuwa mtunzi wa mashairi ya papo kwa papo kwa Kisardinia, katika utamaduni wa malumbano ya washairi ambao msomaji wa pwani yetu angeutambua mara moja. Nyumba yao ya ghorofa bado ipo katika mtaa wa Santu Predu, mtaa wa wafugaji, na leo ni makumbusho.

Kwa hiyo darasa la nne halikutokana na ukosefu wa ada. Sheria ya Italia ya 1877 ilimlazimisha mtoto kusoma tangu miaka sita hadi tisa tu. Zaidi ya hapo, kwa msichana wa Nuoro, hapakuwa na njia wala mtu aliyeona sababu. Kaka zake walipelekwa mbele. Mmoja, Santus, aliyekuwa na akili nyingi, akaharibika kwa pombe. Mwingine, Andrea, akaingia katika wizi mdogomdogo na mikono ya polisi. Baba alifariki 1892. Binti ambaye hakuna aliyewekeza senti kwake ndiye aliyekuja kukaa kwenye kinu cha familia cha kukamulia zeituni, akiandika nani kaleta kiasi gani, na huku akisikiliza stori za wakulima waliokuwa wakisubiri zamu yao. Ni vigumu kufikiria shule bora zaidi kwa mwandishi wa riwaya, ingawa nina hakika yeye angeipenda pia ile nyingine.

Sasa tuje kwenye lugha, fundo ambalo wasomaji wa nje hawalioni kabisa. Tunasema "mwandishi wa Kiitaliano" kana kwamba Kiitaliano kilikuwa lugha ya mama yake. Hakikuwa. Nyumbani kwao walizungumza Kisardinia, ambacho si Kiitaliano kilichopindapinda bali ni lugha nyingine iliyotokana na Kilatini kwa njia yake. Nyumba kwa Kiitaliano ni *casa*. Kwa Kisardinia ni *domo*. Wanaisimu wamekadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, watu walioweza kuzungumza Kiitaliano nchini humo walikuwa kati ya asilimia 2.5 na asilimia 10. Deledda alizaliwa miaka kumi tu baadaye, kwenye mlima wa kisiwa. Kiitaliano alikikuta shuleni, kisha kwa mwalimu aliyemfundisha nyumbani kwa muda, kisha katika vitabu vyovyote vilivyomwangukia mkononi: riwaya za Kifaransa za mfululizo, Balzac, Hugo, Warusi, washairi wa zama zake. Alijifunza kama tunavyojifunza lugha ya ofisini, kwa masikio ya mgeni.

Wahakiki wa bara, yaani Italia ya ng'ambo ya kisiwa, hawakumwacha. Walisema Kiitaliano chake kigumu, sentensi zake zina vumbi. Yeye mwenyewe alilalamika katika barua zake kwamba lugha hiyo inamtoa jasho. Lakini angalia alichofanya. Katika *Elias Portolu*, kila mzee anaitwa *zio* au *zia*, yaani mjomba au shangazi, hata kama hana udugu wowote na msemaji. Msomaji wa Milano angeweza kuchora mti mzima wa ukoo akidhani wote ni ndugu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa: huko ni kama kwetu, mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Deledda aliihamisha heshima ya Kisardinia ndani ya Kiitaliano bila kuomba ruhusa. Alifanya vivyo hivyo kwa majina ya vitu. *Tanca*, uwanja wa malisho uliozungushiwa ukuta wa mawe, aliuacha *tanca*. Makaburi ya kale yaliyochimbwa miambani aliyaacha na jina lake la kienyeji, *domos de janas*, nyumba za vizimwi wa kike.

Kwa sisi jambo hili lina mfano wa karibu. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948 na kupewa Nobel 2021, ameandika riwaya zake kwa Kiingereza, na Kiswahili cha utotoni kinachungulia ndani yake bila kutafsiriwa. Tofauti ni kwamba Gurnah alikuwa Uingereza alipoanza, ilhali Deledda alianza kuandika kwa lugha ya ugenini akiwa chumbani kwake, mama yake akiwa jikoni chini.

Hadithi zake za kwanza zilitoka 1888 huko Roma, katika gazeti la mitindo liitwalo *L'Ultima Moda*. Alikuwa hajafikisha miaka 17 au ndiyo kwanza ameifikisha. Nuoro ikachafuka. Msichana wa familia yenye jina ameandika mambo ya mapenzi, jina lake limepigwa chapa, na wanaume wasiojulikana wanalisoma! Mara nyingine alijificha nyuma ya jina la bandia la kifahari, Ilia de Saint-Ismael, lakini kwa sehemu kubwa alibaki na jina lake, na mahari ya sifa mbaya aliyolipa kwa ajili hiyo ilikuwa kubwa. Kwa msichana wa daraja lake, mji mzima ulikuwa ndiyo soko la ndoa.

Pakatokea mtu aliyemsaidia kwa namna nyingine kabisa. Angelo De Gubernatis, mwanazuoni aliyekuwa akikusanya mila za Italia yote, alimtaka akusanye za Nuoro. Deledda akaandika methali, viapo, laana, mizimu, nyimbo za matanga, dawa za jicho baya, vyakula vya sikukuu. Kazi hiyo ilichapishwa 1894 na 1895. Wengi huipita kwa sentensi moja. Mimi nadhani ndipo alipopata ghala lake. Hadithi za ujana wake zina makaunti, yaani mabwana wa kimwinyi, na mabustani ya kwenye vitabu alivyosoma. Baada ya kazi hii, watu wake wanaanza kuapa kama Wasardinia, kulia kama Wasardinia, na kuogopa vitu ambavyo Wasardinia waliogopa.

Hapa pana doa, na sioni sababu ya kulifunika. Riwaya yake *La via del male*, yaani Njia ya Uovu, ilipotoka 1896 aliitabaruku kwa wasomi wawili, Paolo Orano na Alfredo Niceforo. Huyo Niceforo mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu uhalifu Sardinia, akidai kwamba eneo la Nuoro ni "ukanda wa wahalifu" kwa sababu ya damu na mbari ya wakazi wake. Ilikuwa sayansi ya uongo iliyovaa miwani, na ilitumika. Mei 1899 serikali ilituma askari, wakakamata mamia ya watu wa eneo hilo usiku mmoja, wakiwamo wazee na wanawake, eti kuwakomesha majambazi. Ofisa mmoja aliyeshiriki aliandika kitabu na kukiita *Caccia grossa*, maana yake kuwinda wanyama wakubwa. Jina lenyewe linatosha.

Ujambazi ulikuwapo, lakini haukutoka kwenye damu. Amri ya 1820 iliruhusu wenye nguvu kuzungushia ukuta ardhi iliyokuwa ya kuchungia ya wote. Baadaye ardhi ya jumuiya iliyobaki ikaanza kuuzwa. Tarehe 26 Aprili 1868 watu wa Nuoro walivamia ofisi ya mji na kuchoma hati za mauzo hayo, wakipiga kelele kwa Kisardinia kwamba warudishwe *a su connottu*, kwenye yale waliyoyajua. Deledda alizaliwa miaka mitatu baadaye. Ajabu ni kwamba katika riwaya zake utaziona kuta hizo za mawe kila mahali, utamwona mfugaji aliyefilisika na jambazi mwenye heshima zake, kama Simone Sole katika *Marianna Sirca* ya 1915, lakini ni mara chache sana utaelezwa kuta zilitoka wapi. Anaonyesha kidonda bila kutaja kisu. Watu wa kwao walimshutumu kwamba amewauza, amewaonyesha kwa wageni kama washenzi wa visu na uchawi. Nadhani shutuma hiyo ina ukweli nusu. Alijua wasomaji wa bara wananunua nini. Lakini pia ndiye aliyewapa wafugaji wale dhamiri nzito kuliko ya mawakili wa Roma, na hilo kwa wakati ule, sayansi ile ya mbari ikiwa inawapima mafuvu, halikuwa jambo dogo.

Oktoba 1899 alikwenda Cagliari, mji mkuu wa kisiwa. Huko akakutana na mtumishi wa serikali kutoka bara, Palmiro Madesani. Januari 1900 walioana, na mwaka huohuo wakahamia Roma, ambako aliishi hadi kufa. Walizaa wana wawili, Sardus na Franz. Watu wanapenda kusema alikimbizwa na mapenzi. Ukisoma barua zake unaona mwanamke aliyekuwa akiitazama Roma kwa miaka kumi, na mume alikuwa pia tiketi ya meli. Sisemi hakumpenda; ndoa ilidumu na inaelekea ilikuwa na furaha. Nasema tu alijua njia inakoelekea.

Madesani alifanya jambo ambalo mwanaume wa Italia wa 1900 hakutarajiwa kulifanya: alijifanya wakala wa mkewe. Aliandikiana na wachapishaji, alifuatilia mikataba, watafsiri na malipo, na hatimaye kazi hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Wanaume wa kumbi za fasihi za Roma wakacheka hadi machozi. Luigi Pirandello hakuishia kucheka. Mwaka 1911 alitoa riwaya nzima, *Suo marito*, Mume Wake, kuhusu mwandishi wa kike kutoka mkoani na mumewe anayekimbizana na malipo mpaka kila mtu anamwita kwa jina la mkewe. Kila mtu mjini alijua anasemwa nani. Treves wa Milano, mchapishaji mkubwa wa wakati huo ambaye pia alimchapisha Deledda, aliikataa, ikatoka Firenze. Haikuchapishwa tena Pirandello akiwa hai. Toleo alilolianza kulirekebisha lilitoka 1941, miaka mitano baada ya kifo chake.

Kinachonichekesha ni kwamba kejeli ile, ukiigeuza, inaeleza vizuri sana namna biashara ile ilivyokwenda. Riwaya ya Deledda haikuuzwa mara moja. Kwanza ilitoka kwa mfululizo katika jarida: *Elias Portolu* ilianza katika *Nuova Antologia* mwaka 1900 kabla ya kuwa kitabu 1903, *Canne al vento* ilitoka katika *L'Illustrazione Italiana* mapema 1913. Jarida lililipa. Kisha kikatoka kitabu, mchapishaji akalipa. Kisha zikaja tafsiri. Na mara moja moja ikaja sinema: *Cenere*, riwaya ya 1904 kuhusu mtoto aliyeachwa na mama yake, ilipigwa picha 1916, na mama akaigizwa na Eleonora Duse, mwigizaji maarufu kuliko wote wa jukwaa la Italia, katika filamu pekee aliyowahi kucheza. Mtu mmoja lazima awe anaandika barua za kufuatilia haya yote. Kama ni mume wa nyumba hiyohiyo, gharama ni ndogo zaidi.

Na mke alikuwa anaandika. Ratiba yake Roma ilijulikana: kifungua kinywa cha kuchelewa, saa kadhaa za kusoma, chakula cha mchana, usingizi mfupi, kisha meza. Kurasa nne kwa siku. Kesho nne tena. Hakungoja kushukiwa na roho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Deledda kilijaa karibu kitabu kimoja kila mwaka kwa miongo mitatu: *Dopo il divorzio* 1902, *Cenere* 1904, *L'edera* 1908, *Colombi e sparvieri* 1912, *Canne al vento* 1913, *Marianna Sirca* 1915, *La madre* 1920, na vingine vingi katikati. Alipata nafasi hata ya kutafsiri *Eugénie Grandet* ya Balzac kwa Kiitaliano.

Wingi huo una gharama, nami siwezi kuficha kwamba ukisoma vitabu vyake vitano mfululizo unaanza kujua ukurasa ujao. Kuna kosa, mara nyingi la mapenzi yaliyokatazwa. Kosa linafichwa. Siri inakua ndani ya mtu kama mti ndani ya ukuta. Mwishowe mtu anajitwika adhabu ambayo hakuna mahakama iliyomhukumu. Elias Portolu, aliyetoka jela bara, anampenda mchumba wa ndugu yake, anazaa naye, na anakimbilia upadri. Annesa wa *L'edera*, binti aliyelelewa kama mtumishi, anamuua mzee mmoja ili kuiokoa familia iliyomlea isifilisike, na hakuna anayemkamata isipokuwa yeye mwenyewe. Ni kalibu moja. Lakini seremala mwenye kalibu moja nzuri anaweza kukupa kiti kimoja kati ya kumi ambacho hutaki kuinuka.

Kiti hicho ni *Canne al vento*, yaani Matete kwenye Upepo. Kama una muda wa kitabu kimoja tu cha Deledda, soma hiki. Katika kijiji kiitwacho Galte, ambacho kimetokana na Galtellì halisi karibu na pwani ya mashariki, wanaishi dada watatu wa ukoo wa Pintor: Ruth, Ester na Noemi. Ni ukoo wa kimwinyi uliobaki na heshima na paa linalovuja. Walikuwa wanne, Lia alitoroka zamani kwenda bara, na baba yao, Don Zame, mtu mkali aliyewafungia ndani kama watumwa, alikutwa amekufa karibu na daraja wakati akimtafuta. Wamebaki na kishamba kimoja na mtumishi mmoja, Efix, ambaye hajalipwa mshahara kwa miaka na bado analima.

Swali linalomsumbua msomaji tangu mwanzo ni: kwa nini Efix haondoki? Deledda hana haraka ya kujibu. Anakuonyesha mzee huyu akiimarisha kingo za mto zisibomolewe na maji, akihesabu nyota, akisikiliza usiku mizimu ya wanawake waliokufa wakijifungua wakifua nguo mtoni. Kisha anakuja Giacinto, mtoto wa Lia, kijana mzuri asiye na kazi, anakopa kwa mla riba Kallina kwa kughushi sahihi, na nyumba iliyokuwa ikiinama inaanza kuanguka. Noemi, shangazi yake, anampenda, na anajichukia kwa kumpenda. Hapo ndipo tunaelewa kuwa Efix ndiye aliyemsaidia Lia kutoroka, na usiku ule ndiye aliyempiga Don Zame bila kukusudia kuua. Utumishi wake wa bure ni kifungo alichojihukumu. Anakwenda kutangatanga na ombaomba vipofu, anarudi, na anakufa siku ile Noemi anapoolewa na binamu tajiri na nyumba inapopata kuokoka.

Ndani ya kitabu kuna mazungumzo mafupi ambapo Efix anasema binadamu ni matete na majaaliwa ndiyo upepo. Anaulizwa: sawa, lakini kwa nini majaaliwa haya? Naye anajibu kwa swali: na upepo je, kwa nini? Mungu pekee ndiye ajuaye. Wahakiki wameyasoma maneno haya kama ushahidi wa kukata tamaa kwa watu wa kisiwani. Mimi nayasoma tofauti kidogo. Anayeyasema ni mtu ambaye anajua barabara kwa nini nyumba ile iliinama, kwa kuwa mkono wake ulikuwamo. "Majaaliwa" kinywani mwa Efix ni blanketi, na Deledda anatuacha tuone miguu inayotokeza chini yake.

*La madre*, Mama, ya 1920 ni fupi na kali zaidi: padri kijana, Paulo, anatoka usiku kwenda kwa mwanamke anayempenda, na mama yake, aliyekuwa mtumishi na aliyejinyima kila kitu ili mwana awe padri, anamfuata gizani. Hadithi yote inakwisha katika siku chache, kanisani, mbele ya waumini. Mwandishi wa Kiingereza D. H. Lawrence, aliyepita Nuoro 1921, aliiandikia dibaji tafsiri yake ya Kiingereza. Hapa hakuna jambazi wala mila za kuwapendezesha watalii. Anayedhani Deledda aliishi kwa kuuza rangi za kienyeji na aanzie hapo.

Je, ni wa shule gani ya fasihi? Vitabu vya shule vya Italia vimehangaika nalo. Kuna wanaomweka na Verga na Capuana, waliotaka kuandika maisha ya watu wa kusini kama yalivyo. Capuana mwenyewe alimsifu mapema. Wengine wanamsukuma kwa Gabriele D'Annunzio, mshairi wa Italia wa zama zake, wengine kwa Warusi kwa sababu ya dhambi na toba. Benedetto Croce, aliyekuwa na neno la mwisho katika uhakiki wa Italia, hakumpa uzito. Ugumu wote unatokana na kumtafutia droo iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaume waliopita chuo kimoja na mgahawa mmoja. Yeye alijisomea bila mpangilio na akachukua kilichomfaa kutoka kila upande.

Hata mwaka wa Nobel yake unachanganya watu: 1926 au 1927? Yote mawili. Mwaka 1926 kamati ya Stockholm iliona hakuna anayefaa, na kanuni zinaruhusu tuzo kuwekwa hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo ni tuzo ya 1926 aliyoipokea tarehe 10 Desemba 1927. Jina lake lilikuwa limependekezwa mara nyingi tangu 1913. Alikuwa mwanamke wa pili kupata Nobel ya Fasihi, baada ya Selma Lagerlöf wa Sweden mwaka 1909, na hadi leo ndiye mwanamke pekee wa Italia aliyeipata.

Wakati huo Mussolini alikuwa madarakani, na ufashisti ulifurahi kuwa na mshindi. Alimpokea na kumpa picha yake. Deledda hakuwa mpinzani: Matilde Serao, mwandishi mwenzake wa Napoli ambaye naye alitajwa kwa Nobel, alitia sahihi tamko la Croce dhidi ya ufashisti mwaka 1925, Deledda hakusikika. Wala hakugeuka mpiga debe wa utawala. Aliendelea na kurasa zake nne. Inasimuliwa kwamba waandishi wa habari na wapiga picha walipoijaza nyumba, kunguru wake wa kufuga, Checca, alitaharuki na kuruka nje, na mwenye nyumba akawaaga wageni kwa kisingizio hicho: ndege amechoka, naye amechoka.

Miaka ya mwisho aliishi na saratani ya titi. *La chiesa della solitudine*, Kanisa la Upweke, iliyotoka 1936, inaanza na mwanamke anayetoka hospitali baada ya kufanyiwa upasuaji wa titi, akiamua kuwaficha wachumba na majirani ugonjwa wake. Kwa Italia ya wakati ule lilikuwa jambo la kutosemwa kabisa, na yeye aliligeuza kuwa riwaya akiwa nalo mwilini. Alifariki Roma tarehe 15 Agosti 1936, Pirandello akamfuata Desemba ya mwaka huohuo. Mwaka 1959 mabaki yake yalihamishwa kutoka makaburi ya Verano, Roma, hadi Nuoro, yakawekwa katika kikanisa kidogo chini ya mlima Ortobene. Kikanisa hicho ndicho Kanisa la Upweke.

Baada ya kifo, katika karatasi zake kulikutwa mswada mwingine. Ulikuwa ukisimulia msichana wa Nuoro, nyumba ya ghorofa, kaka walioharibika, kinu cha zeituni, na lita ya mafuta iliyotoka stoo bila mtu kujua. Msichana hakuitwa Grazia. Alipewa lile jina la tatu la ubatizo. Antonio Baldini aliutoa katika *Nuova Antologia* vuli hiyohiyo chini ya kichwa *Cosima, quasi Grazia*: Cosima, karibu Grazia. Ulikuwa haujakamilika, na ulitoka katika jarida lilelile lililoitoa *Elias Portolu* mwaka 1900.